Kwa Mapendo, Anayerudi Kuruka

Saluni, Durban, alasiri

Mapendo mwanangu,

Papa yako amekuchukua mwende kutafuta begi jingine, maana lile ulilokuja nalo zipu yake imekufa, na mimi nimebaki hapa saluni peke yangu. Mteja wa mwisho nimemwomba arudi wiki ijayo. Nimefagia, kisha nikafagia tena pale pale palipokuwa safi. Nimetoka mlangoni kutazama kama mnakuja, nikaona teksi tu zikipiga honi kwenye roboti, zile taa za barabarani, nikarudi ndani. Basi nimechukua karatasi, kwa sababu mikono yangu leo ikikosa kazi itafanya upuuzi, kama kupiga simu uwanja wa ndege kuuliza upepo wa kesho utakuwaje.

Sitakuandikia habari za soksi nzito wala za kula vizuri. Mambo ya baridi wewe ndiye uliyenifundisha mimi. Nataka kukuandikia yale ambayo nikiyasema kwa mdomo nageuka kuwa mkali, halafu wewe unatazama simu yako, halafu mimi nauliza nani anataka chai.

Watu hapa mtaani wananiambia, "Pole, Mama Mapendo, mtoto anaondoka nyumbani." Naitikia asante. Lakini mimi na wewe tunajua kwamba kati yetu wawili, aliyeondoka nyumbani kwanza ni mimi. Nitafika huko. Ngoja nianzie mbali kidogo, nipate nguvu.

Tulipofika Norway ulikuwa na miaka mitano. Kabla ya hapo ulijua kambi tu, ile ya Kigoma, ambako nilikufikisha ukiwa mgongoni baada ya kukimbia vita Uvira. Papa yako tulipotezana naye katika kukimbia huko. Mimi nilivuka ziwa na wewe, yeye akabaki ng'ambo, na kwa miaka mingi sikujua kama ni mzima. Kwa hiyo tulipopewa nyumba katika mji ule mdogo wa bondeni, nyumba yenye joto na mlango unaofungwa kwa ufunguo, mimi nilikuwa mtu wa jambo moja tu: nisikupoteze na wewe. Nakuambia hivi ili ujue ulikuwa unazungumza na mtu wa namna gani siku ile uliporudi kutoka shule suruali imelowa mpaka kiunoni, ukasema, "Mama, kuna mahali watoto wanaruka."

"Wanaruka nini?"

"Hewani."

Kesho yake nilikwenda kuona. Nyuma ya shule kulikuwa na kilima, na juu yake wamejenga njia ya theluji. Mtoto anakaa juu na skii miguuni, zile mbao ndefu, anateleza, anafika ukingoni, halafu chini yake hakuna kitu. Nilimwona mtoto mmoja tu, wa jirani. Aliyefuata ulikuwa wewe, na skii za bluu za kuazima kutoka stoo ya shule, ndefu kukupita. Ulipoachia mikono, niligeuka. Nilitazama gari la mtu lililoegeshwa pale. Nikasikia skii zikigonga chini, pwaa, kisha makofi. Nilipogeuka tena ulikuwa umesimama chini unacheka, na kofia imekufunika macho.

Hivyo ndivyo nilivyofanya miaka yote. Akina mama wengine walidhani ninaomba, na mimi nikawaacha wadhani hivyo. Sikuwa naomba. Nilikuwa nategea sauti ya kutua. Nimekuona kabla ya kuruka na nimekuona baada ya kuruka, lakini kuruka kwenyewe sikukuona. Na wewe uligundua. Ulikuwa na miaka kumi hivi, ukanijia pale chini ukiwa unahema, ukauliza, "Mama, mikono yangu ilikuwaje?" Nikasema ilikuwa mizuri. Ulinitazama usoni kidogo. Hujaniuliza tena tangu siku hiyo. Ulianza kumuuliza Torunn.

Torunn nilimwonea wivu, nadhani unajua. Yule mwanamke mrefu, mwalimu wako wa mchezo, aliyekuwa akikuchukua kwa gari lake lenye harufu ya nta ya skii na kukurudisha umelala. Yeye alikuwa anatazama. Ilikuwa kazi yake kutazama. Yeye pia ndiye aliyenifundisha mchezo wenyewe, maana kwa muda mrefu nilidhani ukisharuka mambo yamekwisha. Alinichorea kwenye karatasi ya kufutia mikono, mezani kwetu: kwanza wanaruka wote. Kisha baadaye siku hiyo hiyo wanakimbia kwa skii, kilomita kadhaa msituni. Aliyeruka mbali kuliko wote anaanza kukimbia wa kwanza, peke yake. Wengine wanaachiliwa baadaye, kila mmoja kwa sekunde alizopitwa. Anayefika mstari kwanza ndiye mshindi.

"Kwa hiyo aliye mbele anafukuzwa," nikasema.

Torunn alitazama mchoro wake. "Ndiyo. Unaweza kusema hivyo."

"Na Mapendo yupo wapi?"

"Mapendo anaruka vizuri mno," alisema. "Atakuwa mbele mara nyingi."

Hakujua amenipa nini cha kulala nacho. Wewe ulikuwa na kipaji cha hewani na mapafu ya kawaida, na hiyo maana yake ni kwamba miaka yako yote ya mashindano ungekuwa unakimbia huku ukisikia watu nyuma yako. Nilitaka kumwambia Torunn kwamba mtoto huyu alishakimbia hivyo mara moja, mgongoni kwangu. Nilimwongezea kahawa.

Sasa nakuja kwenye lile la kwanza linaloniwasha mpaka leo. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Mlikuwa mmecheza wavulana na wasichana pamoja, na ukawa unawashinda. Ndipo ukaambiwa kwamba kuanzia umri huo wasichana hawana njia kwenye mchezo huu wa pande mbili. Wachague: waruke tu, au wakimbie tu. Wavulana wao wanaendelea na vyote. Ulikuja nyumbani ukakaa kwenye ngazi na viatu vyako vya skii, hukuvivua. Uliniambia. Nami nilisema nini? Nilisema, "Basi chagua kimoja. Hata kimoja ni neema."

Mwanangu, kambini anayeuliza sana anarudishwa nyuma kwenye foleni. Ndivyo nilivyojifunza kuishi: unapewa unga pungufu, unasema asante, unaondoka. Nilikupa adabu ile kama urithi, na haikuwa urithi, ilikuwa kidonda. Nilikufundisha kushukuru mahali ulipopaswa kuuliza. Torunn yeye hakuwa na kidonda hicho. Aligonga kila mlango, akapiga simu, akakuingiza kwenye mashindano ya wavulana bila matokeo yako kuhesabiwa, ukawa unakimbia tu ili uwepo. Mimi nilikuwa nakufulia nguo na kukuambia usiwaudhi watu.

Ulipofika miaka kumi na tisa likajirudia. Wakati huo wanawake walishapata mashindano yao, dunia nzima, na wewe ulishavaa nguo za timu ya taifa. Lakini ile michezo mikubwa ya majira ya baridi, ile ambayo hata hapa Durban watu huisikia, wakaamua wanawake wa mchezo wenu hawatakuwepo. Wanaume wapo tangu enzi za babu zao. Ulinipigia simu. Nakumbuka nilikuwa namwosha mteja kichwa, nikaweka simu begani. Sauti yako ilikuwa ndogo. Nikasema, "Una afya, una kazi, mshukuru Mungu." Ukasema sawa, Mama, tutaongea. Niliendelea kuosha kichwa cha yule mama, na maji yalikuwa yameshapoa, naye hakulalamika.

Nisamehe kwa yote mawili. Sisemi usishukuru. Nasema tu kwamba ulikuwa unajua tofauti, na mimi ndiye niliyekuwa nakuchanganya.

Nimesimama kidogo. Thandeka wa pale nje, anayeuza matunda mlangoni kwetu, ameniuliza mbona natoka natoka. Nimemwambia natazama mvua. Ametazama juu, hakuna wingu, akaniacha.

Haya, sasa la kuondoka.

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Mtu wa Uvira anayeishi hapa alituma picha za harusi ya mdogo wake kwa rafiki yangu kule Norway, na katika picha moja, nyuma ya bibi harusi, alisimama mwanaume ameshika sahani ya wali. Rafiki yangu alinionyesha harusi. Mimi niliona sahani, kisha mkono, kisha nikamwona Eliya. Papa yako. Alikuwa amenenepa na amepata mvi. Nilikaa chini sakafuni jikoni kwa yule rafiki.

Unajua yaliyofuata: simu, kilio, simu nyingine. Alikuwa ameshuka kusini kwa miaka, nchi kwa nchi, akaishia hapa Durban akitengeneza simu katika chumba cha kushirikiana kule mtaa wa Point. Hakuoa. Hati zake hazikumruhusu kusafiri. Zangu ziliruhusu. Nikakuambia tuhame.

"Huko kuna theluji?" uliuliza.

"Hakuna."

"Basi nenda, Mama. Mimi nitakaa kwa Torunn."

Ulisema hivyo huku unapaka siagi kwenye mkate. Na mimi nilikwenda. Ningeweza kungoja miaka miwili umalize shule. Ningeweza kukulazimisha, nawe ungenichukia, pengine ungesamehe. Nilichagua kwenda, kwa sababu nilikuwa nimemlilia mume wangu muda mrefu kuliko niliokaa naye. Hilo silijutii lote. Ninalojutia ni maneno. Tangu siku hiyo, kila aliyeniuliza, kanisani, sokoni, hapa saluni, nilimjibu, "Mtoto mwenyewe alikataa kuja." Nilimwekea mtoto wa miaka kumi na sita mzigo niliopaswa kuubeba mimi. Na ulipokuja hapa mwaka huu ulinisikia nikisema hivyo kwa mteja. Ulikuwa umekaa pale kwenye benchi, mguu juu ya kiti. Ulivaa tu vile vidude vyako vya masikioni.

Mapendo, hukukataa kuja. Nilikuacha. Ikitokea siku moja katika maisha yako ukamwacha mtu, kwa sababu nzuri au mbaya, sema nimemwacha. Maneno mengine yote yanakula mtu taratibu, na mara nyingi yanamla aliyeachwa.

Miaka ile ya kati niliishi nawe kwenye kioo cha simu. Papa yako alikuwa anaweka mashindano kwenye dirisha la duka lake hapa kando ya saluni, simu kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na watu waliokuja kubadilishiwa betri walilazimika kukutazama wewe. Siku ile uliyopata nafasi ya tatu, nilikuwa nimekimbia kuchemsha maji wakati wa kuruka, kama kawaida yangu. Nikasikia ananiita, "Mama Mapendo, kuja. Mtoto iko mbele ya wote."

Nilikuja. Ulikuwa peke yako kwenye theluji, miti pande zote, mikono inakwenda. Papa yako hakuwahi kuona sehemu hii vizuri. Walipoachiliwa wengine akauliza, "Sasa hawa wanamfukuzia nini?"

"Ndiyo mchezo," nikamwambia.

Alitazama kidogo, akaweka chini bisibisi yake, akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama kwenye kona, ameyapa magari mgongo, mikono kichwani. Kwa hiyo kati yetu wawili ni mimi peke yangu niliyekuona ukipitwa na wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu akija karibu mpaka skii zake zikawa zinagusa zako nyuma. Ulivuka mstari na kuanguka kifudifudi. Thandeka alikuwa nyuma yangu na ndizi mkononi.

"Eish," akasema. "Amekufa?"

"Hapana," nikasema. "Ni wa tatu duniani leo."

Nilikwenda kumwambia Papa yako. Aliniuliza jambo moja tu: "Wamemfikia?" Nikasema wawili. Akasema, "Lakini wale wengine hapana," akarudi ndani kumtengenezea mtu simu, na mteja yule hakulipishwa.

Siku uliyoumia goti hakukuwa na picha yoyote, maana ilikuwa mazoezi tu. Torunn alinipigia mwenyewe. Alisema theluji ya mahali pa kutua ilikuwa laini, skii moja ikazama, mwili ukaendelea mbele. Alisema atakaa nawe hospitali. Nilimuuliza kama alikuwa anatazama ulipoanguka. Akasema ndiyo, alitazama mpaka mwisho. Sijui kwa nini nilimuuliza. Nadhani nilitaka mtu mwingine awe amegeuka angalau mara moja.

Ulipotokea pale uwanja wa ndege mwezi wa tatu na magongo yako mawili, nilifurahi. Naandika neno hilo bila kulipamba. Uliumia, ukaletwa kwangu, nikafurahi. Nilikuwa nakupikia sombe ya majani ya muhogo na ugali na nilikuwa nahesabu moyoni kwamba goti la namna ile haliponi kabisa. Nilikuwa nauliza wateja vyuo vizuri vya hapa. Na wewe asubuhi ulikuwa unalala sakafuni unainua mguu na kuushusha, unainua na kuushusha, jasho linatiririka, nami napita juu yako na ndoo.

Ndipo likaja la kanisani. Sina haja ya kukukumbusha, lakini nataka ujue lilivyoonekana kutoka kwenye benchi langu. Nilikuwa nimemwendea mchungaji katikati ya wiki nikamweleza hofu yangu. Aliniuliza, "Kwa hiyo ameacha?" Nikasema, "Kwa imani, ameacha." Jumapili, katika ule ukumbi wetu wa ibada mtaani Greyville, alisimama na tabasamu akasema tumshukuru Mungu, binti yetu Mapendo ameachana na mchezo wa hatari na atasoma hapa hapa. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga.

Ukasimama. Ulichukua muda kusimama kwa sababu ya goti, na makofi yakaanza kupungua yakikungojea.

"Samahani, Mchungaji," ukasema. "Sijaacha."

Ukakaa. Mpiga ngoma hakujua la kufanya, akapiga kidogo, akaona hakuna anayeimba, akaacha. Mimi nilitazama viatu vyangu mpaka mwisho wa ibada.

Tulirudi kwa miguu kando ya uwanja wa mbio za farasi, Papa yako akiwa mbele yetu makusudi. Uliniuliza, "Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia aombe."

"Aombe niache?"

"Nilimwambia moyo wangu unavyotaka."

Ulisimama pale kwenye uzio. Hukuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Ukasema, "Mama, kama unataka niache, niambie mimi. Usianze na Mungu."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili ya kukujua na sikuwa nimewahi kukuambia. Nilikuwa nimegeuka, nimechemsha maji, nimeosha vichwa, nimeuliza chai. Nikasema, "Acha, Mapendo. Nakuomba uache."

"Hapana," ukasema.

Tukaendelea kutembea. Papa yako alikuwa ametununulia samosa kwa yule Mhindi wa kona, tukala tukitembea, mafuta yakitudondokea nguo za kanisani. Sikumbuki tulizungumza nini tena. Nakumbuka kwamba usiku ule nilipata usingizi, kitu ambacho sikukitegemea baada ya kukataliwa.

Wiki iliyofuata ulimwomba Papa yako akushike. Ulimweleza kwamba hapa hakuna mlima, lakini mrukaji huweza kufanya mazoezi ya kuruka bila mlima: anachuchumaa juu ya kitu, anajirusha mbele mwili ukiwa umenyooka, na mtu mbele yake anamdaka na kumwinua juu ya kichwa, amkalishe hewani kidogo. Kule kazi hiyo ilikuwa ya Torunn. Papa yako alisikiliza, akauliza, "Na nikikuangusha?"

"Utaniangusha," ulimwambia. "Ndiyo maana tunaenda kwenye mchanga."

Tulikwenda ufukweni mapema, kabla watu hawajajaa. Nilichukua chupa ya chai. Wewe ulisimama juu ya kreti ya soda aliyotuazima Thandeka. Mara ya kwanza mlianguka wote wawili, na Papa yako akala mchanga. Mlinzi wa ufukweni alikuja kuuliza kama kuna ugomvi.

"Papa, usinishike kiuno kama gunia," ulimwambia.

"Sasa nikushike wapi?"

"Hapa. Na usirudi nyuma. Ukirudi nyuma ndipo ninaanguka."

Unajua wewe na yeye mlivyokuwa. Mlikuwa mnasalimiana kama wapangaji. Alikuwa anabisha hodi mlangoni kwako hata mlango ukiwa wazi. Alikuacha ukiwa kitoto cha kunyonya, akapokea mwanamke mzima anayeongea Kiswahili cha Kigoma kwa lafudhi ya Kinorway, na hakujua aanzie wapi. Mimi nilikuwa nimegeuka tayari, natafuta vikombe. Akaniita: "Mama Mapendo, simama hapo pembeni. Akipinda, useme."

Kwa hiyo nilipewa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kutazama.

Ulichuchumaa. Ulijirusha. Papa yako hakurudi nyuma. Alikupokea hapo ulipomwonyesha, akainua, na ukakaa juu yake umenyooka, mikono nyuma, kidevu mbele, umetulia kabisa, kama mtu aliyelala mahali alipopazoea. Nilikuwa sijui kwamba hewani unatulia. Miaka yote nilikuwa nafikiri unapiga kelele ndani.

"Amepinda?" Papa yako aliuliza kwa shida.

"Hapana," nikasema. "Amenyooka."

Alipokushusha alibaki ameshika mabega yako. Akaninyooshea mkono wake, kutoka kwenye kiwiko mpaka vidoleni, akasema, "Alikuwa hivi tu, siku ile ya kukimbia." Kisha akaenda kutazama bahari peke yake kwa muda, na wewe ukanywa chai yake.

Tangu hapo mlikuwa mnakwenda karibu kila asubuhi, na baadaye ukaanza na zile skii za magurudumu kwenye njia ya ufukweni, watoto wakikukimbilia, watu wakikupiga picha. Mimi nilikuwa nasimama pembeni nasema, amenyooka, amepinda kushoto. Najua sasa mikono yako ikoje. Wa kushoto unautangulia wa kulia kidogo unapotoka. Muulize Torunn, ataniunga mkono.

Sitakudanganya kwamba nimetulia. Sijatulia. Goti limepona, daktari amesema, na bado nasikia linavyolia unapopanda ngazi zetu. Sijui kama mchezo wenu utaruhusiwa kuwa mchezo kamili ukiwa bado kijana wa kuucheza. Inawezekana utatoa miaka yako bora kwa kitu ambacho wakubwa fulani watakifunga kwa kikao kimoja. Ulisema juzi, ulipokuwa unakausha vyombo, kwamba kama mtaacha ninyi mliopo, hakutakuwa na wa kufungiwa, na wao watasema mnaona, hakuna wanawake. Nimelizungusha neno hilo kichwani siku zote hizi. Moyo wangu bado unasema acha. Nikikupigia simu na sauti yangu ikasema acha, ujue ni moyo tu, niambie hapana, tuendelee na habari nyingine.

Ukifika mwisho wa mashindano na hukupata kitu, nipigie mimi pia, si Torunn peke yake. Sitataja afya wala shukrani. Nitakuuliza upepo ulikuwaje, na kama walikufikia wangapi, nawe utaniambia hata ukilia.

Nawasikia. Papa yako anabishana na Thandeka kuhusu begi, eti ni kubwa mno kwa mtoto mmoja.

Umeingia. Umekaa, umefungua kitambaa, umesema, "Mama, nisuke mistari bapa, helmeti isinibane." Nimekuuliza helmeti inakaa wapi hasa. Hukucheka. Umechukua kidole changu ukakipitisha: hapa kwenye paji inabana, hapa nyuma ya masikio, mkanda unashuka hivi mpaka chini ya kidevu. Basi pale inapobana nitasuka midogo zaidi, na nyuma nitaifunga chini, isiinuke na upepo.

Naweka kalamu, nywele zako zinaningoja. Barua hii Papa yako ataiweka katikati ya nguo zako ili uikute umeshafika.

Mimi niliyekuzaa, na ninayekuogopea huku nikikutazama,

Mama